Kisongo saa saba mchana, watu wanne na gunia la viazi

SWALI

Ndugu mshauri, habari za kazi.

Nina leseni ya rubani binafsi niliyoipatia pwani. Tangu nihamie Njiro narusha Cessna 172N ninayomiliki kwa ubia na wenzangu wawili, na tunaiegesha Kisongo, kwenye uwanja wa ndege wa Arusha. Kule pwani ndege ya aina hii ilikuwa inaacha ardhi hata sijakaa sawa kwenye kiti. Hapa, hasa mchana, inakimbia na kukimbia mpaka nahisi kuna breki imeshika. Fundi kaangalia breki, kaangalia propela, kapima kompresheni, anasema ndege ni nzima.

La pili ni magneto, vile vifaa viwili vinavyozipa plagi umeme wa cheche. Siku ambazo ndege za watalii zimejipanga na tunasubiri zamu muda mrefu, nikifika kwenye ukaguzi wa injini magneto ya kushoto inashuka mizunguko kama 200 kwa dakika na injini inatetema. Nikirudi hanga, fundi anaiwasha na haoni kitu. Wenzangu wameanza kunitania kwamba ndege hainipendi.

La tatu ndilo linaloninyima usingizi. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, analima ngano na viazi West Kilimanjaro. Amechonga kiwanja cha nyasi anachosema kina mita 1,100, kimo chake ni kama cha Kisongo, futi 4,500. Ametualika chakula cha mchana Jumapili: mimi, mke wangu, mama mkwe na baba mdogo. Tufike saa nne, tule, tuondoke saa nane. Ameshasema haturudi mikono mitupu, gunia la viazi linatusubiri, na hela ya mafuta atatoa yeye. Kitabu cha ndege kinasema kwa uzito kamili, usawa wa bahari na nyuzijoto 15, inahitaji mita 440 tangu kuachia breki hadi kuvuka kizuizi cha futi 50. Wenzangu wanasema mita 1,100 ni zaidi ya mara mbili, zinatosha na kubaki. Mimi nasita, ila sijui nimwambieje mama mkwe.

Mwisho, mvua za vuli zimeanza na ndege inalala nje. Nikichuja mafuta asubuhi nakuta maji kidogo chini ya kichupa. Ni kawaida?

Rubani wa Jumapili, Njiro

JIBU

Ndugu yangu wa Njiro,

Nianze na Jumapili, maana ndiyo yenye roho za watu. Usiondoke kwenye kiwanja kile saa nane mchana ukiwa na watu wanne, na gunia la viazi lisipande ndegeni hata mkiwa wawili. Fundi wako yuko sahihi, hakuna breki iliyoshika. Kinachokushika ni hewa.

Kisongo iko futi 4,550 hivi juu ya usawa wa bahari. Majedwali ya vitabu vya ndege yanatumia hewa ya kipimo, ambayo usawa wa bahari ina nyuzijoto 15 na kila ukipanda futi 1,000 inapoa nyuzi 2. Kwa kipimo hicho Kisongo ilipaswa kuwa na nyuzi 6. Saa saba mchana ina 28. Hizo nyuzi 22 za ziada, kila moja inaongeza kama futi 120 kwenye kimo ambacho ndege inajihisi ipo. Zidisha, 22 mara 120 ni 2,640, jumlisha 4,550, unafika karibu futi 7,200. Magurudumu yako yanagusa lami ya Kisongo, lakini injini, propela na mbawa vinafanya kazi kwenye hewa ya futi 7,200. Alfajiri kukiwa na nyuzi 14 hesabu hiyo hiyo inatoa futi 5,500. Kwa kulinganisha, kiwanja cha Moshi kiko futi 2,800, na mchana wa nyuzi 32 nacho kinafika 5,500. Yaani Moshi ya jua kali ni sawa na Kisongo ya alfajiri.

Injini yako haina turbo, kwa hiyo inapoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000 za kimo hicho. Kwenye 7,200 nguvu farasi 160 zimebaki kama 125. Propela nayo inakamata hewa nyepesi, na bawa linataka mwendo zaidi ili libebe uzito ule ule. Hasara tatu zinakuja kwa wakati mmoja, ndiyo maana unaiona ndege nzito ghafla na si kidogo kidogo.

Hapo kwenye mwendo kuna mtego unaowapata wengi waliojifunzia pwani. Kipimo cha mwendo hakidanganyi: kama kitabu kinasema inua pua kwenye noti 55 (noti ni kizio cha mwendo), inua kwenye 55 Kisongo kama ulivyofanya pwani. Ila noti 55 za kipimo zikiwa kwenye futi 7,200 ni kama 61 juu ya ardhi. Wakati wa kutua, noti 65 zinakuwa 72. Macho yanaona lami inapita kasi kuliko ilivyozoeleka, mkono unavuta usukani ili kupunguza, na kipimo kinashuka hadi 55 ukiwa bado unakata kona ya mwisho. Amini kipimo, achana na macho. Na kwa kuwa breki zinasimamisha mwendo halisi, sehemu ya kusimamia inarefuka kwa karibu robo.

Sasa shamba la shemeji. Mamlaka ya anga ya Uingereza inawapa marubani binafsi vizidisho vya kutumia pale ambapo jedwali la ndege halifiki, na vinafaa popote. Kila futi 1,000 za kimo ongeza asilimia 10. Kila nyuzi 10 za ziada, 10 nyingine. Nyasi kavu fupi kwenye udongo mgumu, 20. Zikiwa na maji, 30. Uzito ukiongezeka asilimia 10, umbali unaongezeka 20. Mwinuko wa mita 2 kwa kila 100, 10. Upepo wa nyuma unaofikia sehemu ya kumi ya mwendo wa kunyanyukia, kwako noti 5 na nusu tu, 20. Ukimaliza yote, zidisha kwa 1.33 ya usalama, kwa sababu namba za kitabu zilipatikana kwa ndege mpya iliyorushwa na rubani wa kiwanda.

Mita 440 zako kwa kimo cha futi 4,500 zinakuwa 678. Nyuzi 22 za ziada zinazifikisha 833. Nyasi kavu, 1,000. Hapa ndipo wenzako wanaposimama na kusema zimebaki mita 100. Weka ile 1.33 na unapata 1,330, na kiwanja kina 1,100. Tena hiyo ni bila mwinuko, bila upepo wa nyuma na bila gunia.

Fanya tena ukiwa na mtu mmoja tu, alfajiri ya nyuzi 14. Kimo 678, joto 732. Nyasi zina umande, kwa hiyo asilimia 30 wala si 20: 952. Uzito mwepesi unakurudisha hadi 793, na kwa usalama 1,055. Inaingia, kwa mita 45. Wawili hao hao saa nane mchana ni 1,108, haingii. Utaniambia uzito wenu umepungua asilimia 17 na mimi nimekata 10 tu. Ni kweli, na nimefanya makusudi. Zile 7 ni za nyasi ambazo shemeji atasema zimekatwa na utakuta zimefika kifundo cha mguu.

Kutua hapo si tatizo, umbali wa kutua unaingia bila shida, na ndiyo hatari yenyewe: mtakaribishwa vizuri saa nne na kunasa saa nane. Mwombe shemeji ageuze chakula cha mchana kiwe chai ya asubuhi. Ufike saa moja na nusu, uondoke kabla ya saa tatu na nusu umande ukiwa umekauka na jua halijachacha. Safari ya kwanza nenda na mwalimu anayeijua 172, familia ifuate barabara.

Kuhusu uzito, uandike kwenye karatasi. Ndege kama yako tupu ina karibu kilo 655 (namba kamili ni ile iliyo kwenye ripoti ya kupimwa uzito ya ndege yako, usitumie ya mwenzio). Kikomo cha kuruka ni 1,043. Watu wazima wanne wa kilo 78 ni 312. Mafuta yanayotumika, lita 151, kwa uzito wa 0.72 kwa lita ni kilo 109. Jumla 1,076. Umeshazidisha kilo 33 kabla hata ya kitenge cha mama. Gunia la viazi ni kilo 100, likiwa lumbesa ni zaidi, na buti ya 172N inabeba kilo 54 tu, zote zikiwa nyuma. Uzito wa nyuma unaipandisha pua yenyewe, na ndege iliyoinua pua mapema kwenye nyasi haiongezi mwendo.

Nusu tangi, lita 75, inatosha. Injini hiyo inakunywa kama lita 30 kwa saa, Kisongo hadi West Kilimanjaro ni dakika ishirini na kitu, na unarudi ukiwa na akiba nyingi kuliko dakika 30 za chini kabisa zinazotakiwa mchana.

Mama mkwe usimuulize kilo zake, kazi hiyo si ya mkwe. Mpe mkeo. Siku nyingine yoyote unayobeba watu, weka mizani ya bafuni mlangoni mwa hanga, upande wewe kwanza na mkoba wako, useme namba kwa sauti, kisha kila mtu apande na mzigo wake mkononi. Hakuna anayejisikia kuchaguliwa. Na kwa Jumapili hii mwambie mama ukweli ulio rahisi: ndege ndogo haibebi wote mchana, gari litawabeba na viazi vyao.

Hela ya mafuta: leseni ya rubani binafsi hairuhusu kulipwa kwa kubeba watu au mzigo. Shemeji akisisitiza, waulize TCAA, mamlaka yetu ya usafiri wa anga, kwa maandishi kabla hujapokea hata shilingi. Bima nayo itauliza swali hilo hilo siku ya ajali.

Kiwanja chenyewe usikikubali kwa maneno. Mita 1,100 zinazopimwa kwa pikipiki huwa 950. Chukua futi kamba ya mita 50 na vijana wawili, vuta mara 22. Mwinuko pima kwa bomba la maji la fundi mwashi sehemu tatu tofauti. Kiwanja kilicho kwenye mteremko wa mlima mara nyingi kinakuwa na upande wa kuondokea mmoja tu, wa kushuka na kuelekea mbali na mlima. Weka mawe yaliyopakwa chokaa kwenye mita 550 pande zote mbili, nje ya njia. Ukifika hapo nusu ya kiwanja na hujafika noti 38, yaani asilimia 70 ya 55, funga throtoli (kishikio cha nguvu ya injini) na usimame. Usijadiliane na nafsi yako kwenye mita ya 700. Baada ya mvua kanyaga kwa kisigino: kikizama, nyongeza ya nyasi haitoshi tena, na siku hiyo huendi. Ng'ombe wa majirani wawekewe mtu wa kuwazuia, wala si mtoto wa shule.

Juu ya nyasi, flapi, vile vibao vya nyuma ya mbawa, zisizidi nyuzi 10. Usukani uvutwe kidogo ili gurudumu la mbele liwe jepesi. Ndege itanyanyuka mapema kwa sababu karibu na ardhi bawa linapata mto wa hewa, mbawa zako zina upana wa mita 11 na mto huo unaisha kabla hujafika kimo kama hicho. Ikinyanyuka kwenye noti 45 usiipandishe. Shusha pua taratibu, ibaki mita moja juu ya nyasi mpaka mwendo ufike ule wa kupandia. Anayevuta hapo anapanda mita chache na kurudi chini mwisho wa kiwanja, kwenye mahindi.

Turudi Kisongo na magneto yako, ambayo nadhani ni kesi nyepesi. Kile kishikio chekundu cha mchanganyiko wa mafuta na hewa, pwani ulifundishwa kukisukuma mbele chote ukiwa chini. Kwa futi 4,550 hewa haitoshi kuchoma mafuta yote hayo. Unaposubiri dakika 15 kwenye mizunguko 900, silinda zinapoa, risasi iliyomo kwenye Avgas 100LL haipati joto la kutoka na moshi, inaganda kwenye plagi za chini. Ukikagua, plagi moja haiwaki, silinda moja inalala, ndiyo ule mtetemo. Ukirudi hanga ukiwa umeongeza moto kidogo njiani, plagi inajisafisha na fundi anakuta injini safi.

Kwa hiyo mara tu injini ikiwaka na kutulia, vuta kishikio chekundu nyuma taratibu. Mizunguko itapanda kidogo, halafu itaanza kushuka. Acha hapo hapo ilipoanza kushuka. Iwe kavu, yaani mafuta yawe machache, kiasi kwamba ukisahau na kusukuma throtoli ili uruke, injini inakohoa na kukataa. Ukikausha nusunusu ndiyo unajiwekea hatari, kwa sababu inakubali kuruka huku ikiwa imekauka na kupata moto kupita kiasi.

Ukikuta tayari inatetema, weka mizunguko 2,000, kausha hadi ifike kilele, ikae hapo nusu dakika hadi dakika moja huku jicho likiwa kwenye joto la oili, kisha rudia ukaguzi kwenye 1,700. Kwenye 172N kila magneto inaruhusiwa kushuka hadi 125, na tofauti kati ya mbili isizidi 50. Ikikataa mara ya pili, rudi hanga. Safari hii mwambie fundi asiwashe na kusikiliza tu. Awashe kwenye magneto ya kushoto peke yake kwa muda mfupi, azime, apime bomba la moshi la kila silinda kwa kipimajoto cha mbali. Lililo baridi ndilo lenye plagi mbovu. Aitoe, apime na ukinzani wake. Ukizidi omu 5,000 aibadilishe hata kama inang'aa.

Tofautisha dalili. Kushuka sana bila kutetema mara nyingi ni mchanganyiko mzito au tayamingi, yaani wakati wa cheche kupiga. Kushuka kwa kutetema ni plagi au waya wake. Na kutoshuka kabisa, ambako wengi hukufurahia, ndiko kubaya zaidi: waya wa kuzimia umekatika, magneto iko hai hata funguo ukiwa mfukoni, na anayesukuma propela kwa mkono anaweza kupoteza mkono. Hiyo funga ndege, weka kibao, mwite fundi. Kuna na lingine linalofanana, barafu ndani ya kabureta, hasa asubuhi za Julai zile za mawingu ya chini na manyunyu. Vuta joto la kabureta: mizunguko ikishuka, ikatetema, halafu ikapanda kuliko ilipoanza, ilikuwa barafu. Ila kwenye vumbi usilivute ukiwa chini bila sababu, hewa yake haipiti kwenye chujio.

Kwa kuruka, kitabu cha ndege hiyo kinataka mchanganyiko ukaushwe ukiwa juu ya futi 3,000, kwa hiyo Kisongo kila siku unahusika, uwe peke yako au mmejaa. Mwanzo wa lami, shika breki, sukuma throtoli yote, vuta kishikio chekundu mpaka mizunguko ifike juu kabisa, kisha kirudishe mbele kidogo ili injini isipate moto. Kwenye changarawe usisimame hivyo, propela itanyonya mawe. Kaushia Kisongo, kumbuka kishikio kilipokuwa, na kule shambani ondoka ndege ikiwa tayari inatembea. Naamini nusu ya ile "breki iliyoshika" itaishia hapa.

Wakati wa kutua orodha ya ukaguzi inasema mchanganyiko mbele wote. Hiyo iliandikwa kwa usawa wa bahari. Hapa weka pale ulipoweka wakati wa kuruka. Ukilazimika kuahirisha kutua na umeusukuma wote, unaomba nguvu kutoka kwa injini iliyolowa, flapi zikiwa nyuzi 40. Throtoli yote, flapi zirudi 20 papo hapo, nyingine baadaye.

Maji kwenye mafuta. Kidogo, msimu wa vuli, ndege ikilala nje na tangi nusu, hutokea: hewa ya usiku inapoa ndani ya tangi na unyevu unageuka matone kwenye kuta. Lakini ukikuta kila asubuhi, kagua mpira wa mfuniko juu ya bawa. Ukiwa umepasuka, mvua inaingia moja kwa moja. Kuacha tangi likiwa limejaa kunapunguza unyevu, ila siku ya kubeba watu utakuwa mzito, na kutoa mafuta ni kazi ya fundi. Msimu huu acha nusu na uchuje zaidi.

Chuja kabla ya safari ya kwanza na kila baada ya kujaza, ukiacha mafuta yatulie kwanza. Mbawa zote mbili na chujio la mbele. Inua kichupa kwenye mwanga: Avgas ni ya buluu, maji yanakaa chini kama lulu. Endelea mpaka lulu iishe, kisha tikisa mbawa na uchuje tena. Kichupa kikiwa cheupe chote bila mstari, usifurahi, yaweza kuwa maji matupu au Jet A-1, mafuta ya ndege za jeti. Dondosha kwenye karatasi. Avgas inakauka bila alama, Jet A-1 inaacha doa la mafuta, maji yanalowesha tu. Geji za tangi za Cessna za umri huo usizitegemee, ingiza kijiti cha kupimia.

Ukiwa chini ya bawa la kushoto, tazama na tundu la kupumulia tangi na mrija wa kipimo cha mwendo. Nyigu wa Arusha wanajenga kwa udongo ndani yake kwa siku moja, wanaziba kabisa, na udongo wao unafanana na rangi ya vumbi la bawa. Tundu la tangi likiziba, mafuta yanaacha kushuka ukiwa angani. Mrija ukiziba, kipimo kinabaki sifuri ukikimbia, na hapo hakuna cha kufanya ila kusimama. Usiuchokoe kwa waya wala kuupuliza kwa mdomo, fundi auondoe upande wa nyuma. Nunua kifuniko chenye utepe mwekundu mrefu, na kikague kabla ya kuingia ndegeni hata kama una uhakika umekitoa.

Kwa safari yenyewe, wasilisha mpango wa safari Kisongo na uzungumze na waongozaji wa KIA, uwanja wa kimataifa wa Kilimanjaro, maana ndege kubwa zinashuka upande huo huo unaopita. Shemeji asimame kwenye kifuko cha upepo akiwa na simu, akutumie joto na mwelekeo kabla hujawasha. Akikuambia nyuzi 20 na zaidi kabla ya saa mbili asubuhi, fanya hesabu upya hapo hapo.